Vipimo Themanini na Saba

Mimi ndiye wa pembetatu.
Usicheke. Hata Mwalimu Urve hakucheka
aliponikabidhi kile chuma kilichokunjwa na uzi wake,
akasema: Kertu, kazi yako ni kungoja.

Tuliondoka Võru theluji ya Machi ikiwa imechakaa,
watoto thelathini na mmoja, basi moja,
tuba imefungwa mkanda kitini kama abiria mgonjwa.
Polandi ilipita usiku. Ujerumani ilipita mvuani.
Ufaransa tuliiona kwenye vyoo vya vituo vya mafuta.
Siku ya nne Mihkel akatapikia sanduku la tromboni,
Mwalimu akamfuta kwa skafu yake ya hariri,
ile ya kupandia jukwaani,
asiseme neno.
Kwetu hatusemi sana.

Ureno wanasema.
Bi Deolinda, mwenyeji wangu, alisema toka mlangoni hadi mezani,
alisema akimiminia samaki mkavu mafuta ya zeituni,
alisema na paka, akabishana na redio,
kisha akanigeukia, akangoja jibu.
Nilikuwa na neno moja tu la kwao, asante.
Nililitumia mpaka likawa butu.

Ukutani, picha ya kijana na klarineti,
sare ya bendi, vifungo vya shaba, masikio makubwa.
Nikaiashiria kwa uma.
Akanyamaza.
Sikujua jikoni mle mna saa ya ukutani
hadi hapo nilipoisikia.
Abílio, akasema. Na kiganja chake kikapaa,
kikavuka meza, kikavuka dirisha,
wala hakikutua popote.
Nikashukuru angalau hakikuelekea makaburini.

Tamasha lilikuwa kanisani.
Wazee, watoto wa shule, mbwa mmoja aliyefukuzwa mara mbili.
Bi Deolinda benchi la mbele, mkoba magotini,
ananitazama mimi, si wapiga filimbi,
si Mihkel na shavu lake jekundu,
mimi niliyesimama nyuma kama mtu aliyekosea mlango.

Kuhesabu kimya ni kazi.
Kumi na mbili: klarineti zinaingia.
Arobaini: usimtazame Mihkel.
Sitini na tatu: pua inawasha, iache iwashe.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, husemwa;
aliyesema hakuiona sehemu yangu,
pigo moja, dogo,
tone la bomba lisilofungwa vizuri.
Themanini na tano. Nikainua mkono.
Themanini na sita. Jicho la Mwalimu likanijia.
Themanini na

saba ikapigwa na mnara.
Kengele ya nusu saa, juu ya vichwa vyetu,
shaba nzito kama ng'ombe,
pigo moja, mahali pangu hasa,
chini kidogo ya noti yetu.
Watu wakacheka kwa upole. Tuba ikasonga mbele.
Mkono wangu ukabaki hewani,
kisha ukashuka polepole, kama mtu aliyempungia mgeni
akidhani anamfahamu.

Nje, Bi Deolinda alimshika padri kwa kifungo cha kanzu.
Sikuelewa hata neno, na nilielewa yote:
kidole kwangu, kidole mnarani,
kidole kwangu.
Padri akainua mabega. Kengele si ya kwake.

Usiku, jikoni, akafuta meza isiyokuwa na uchafu.
Akazima redio.
Akavuta kiti, akakaa na ule mkoba magotini,
akanionyesha kwa kidevu: haya.

Basi nikaifungua pembetatu kwenye soksi yake,
nikaishika juu ya sahani,
nikaanza. Moja.
Hakuna klarineti, hakuna tuba. Mbili. Tatu.
Dakika nne na ushee,
na yule mama hakusema kitu.
Sitini, paka akachoka, akatoka.
Sabini, midomo yake ilikuwa ikihesabu pamoja na yangu,
yeye kwa lugha yake.
Themanini na saba.

Nilipiga.
Ilikuwa sauti ndogo, kama nilivyosema.
Iliifikia ile picha, nadhani, na glasi kabatini.
Bi Deolinda aliisikiliza mpaka ilipokwisha,
na baada ya kwisha.

Kisha akainua kidole kimoja,
akakizungusha:
tena.
Tukaanza upya, toka moja.